Rahisi kwa Nani?

Neno "rahisi" lina kazi mbili katika Kiswahili. Husemwa juu ya jambo lisilo gumu, na husemwa pia juu ya kitu cha bei ndogo. Mtihani ukiwa rahisi haututoi jasho; pasi ikiwa rahisi haitutoi fedha nyingi mfukoni. Nimelitumia neno hili tangu nilipoanza kujifunza Kiswahili shuleni, bila kujiuliza kama maana zake mbili zinapatana. Mwaka jana zilikosana ndani ya chumba changu, na ndiyo sababu ya insha hii.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, inafaa kulipa zaidi ili kupata vyombo bora vya nyumbani, kama vile pasi, majiko, majokofu na birika za umeme? Wengi wetu hulichukua swali hili kuwa la hesabu. Tunalinganisha bei mbili, tunakisia kila chombo kitadumu miaka mingapi, kisha tunagawanya. Mimi nitadai kwamba hesabu ni sehemu tu ya jibu, tena sehemu ndogo. Bei iliyoandikwa hulipwa na mnunuzi. Kuna bei nyingine isiyoandikwa, na hiyo mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kitu kinafaa, tuulize kinamfaa nani.

Nianze na kisa chenyewe. Ninaishi Kikoni, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, katika chumba kimoja cha kupanga. Hapa Kampala chumba cha aina hii huitwa muzigo, jina ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kulisikia bila kufikiria kitu kilichobebwa kichwani. Nilipokaribia kuanza mazoezi ya kufundisha nilihitaji pasi, kwa kuwa mwalimu mwenye shati lililokunjamana hupoteza darasa kabla ya kusema "hamjambo." Nilikwenda Wandegeya nikiwa na shilingi 40,000. Muuzaji alinionyesha pasi mbili, moja ya shilingi 110,000 na nyingine ya shilingi 25,000. Zote mbili zilikuwa nyeupe, zote zilikuwa na kitufe cha kupimia joto, na zote zilikuwa na taa ndogo nyekundu. Tofauti niliyoweza kuiona kwa macho yangu ilikuwa bei tu. Nikachukua ya 25,000, nikabaki na fedha ya chakula na ya nauli ya boda boda.

Baada ya miezi minne pasi ile ilipoteza kipimo cha joto ikaunguza ukosi wa shati langu. Nikanunua nyingine kwa bei ileile, ikafa yenyewe baada ya miezi saba bila kuaga. Ya tatu niliinunua kwa muuzaji mwingine kwa shilingi 30,000, naye aliniapia kwamba ni orijino.

Wakati huo mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne, alikuwa amekuja kukaa nami likizo. Jumapili moja jioni alikuwa akininyooshea shati la Jumatatu. Mimi nilikuwa nimetoka kuoga na nilikuwa nimeacha maji sakafuni. Yeye alikuwa miguu mitupu. Nilisikia yowe, kisha pasi ikaanguka. Nilipogeuka nilimkuta amekaa chini, ameegemea ukuta, mkono wake wa kulia ukitetemeka. Nilichomoa waya ukutani. Tulikaa kimya kwa muda mrefu. Hatimaye akasema, "Kaka, pasi yako inauma." Alijaribu kucheka, nami nikajaribu kucheka, lakini hakuna aliyefaulu.

Kesho yake niliipeleka pasi kwa fundi. Fundi huyo aliwahi kufanya kazi Nairobi, akafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, kwa hiyo alinieleza kwa kirefu. Plagi ilikuwa na ncha tatu, kama plagi zetu za kawaida hapa Uganda. Ncha ya juu, iliyo ndefu kuliko nyingine, ni ya waya wa ethi. Kazi ya waya huo ni kuupeleka ardhini umeme uliotoroka njia yake, ili usipite katika mwili wa mtu. Fundi alipoifungua plagi tulikuta nyaya mbili tu. Ncha ya tatu haikuunganishwa na chochote. "Bwana mwalimu," aliniambia, "hii ipo ili plagi iingie ukutani tu. Bila hiyo, matundu ya soketi hayafunguki." Nilimwomba anirudishie ile plagi, na bado ninayo mezani ninapoandika.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu sitaki kuidharau. Katika muda wa mwaka mmoja hivi nilitumia shilingi 80,000 kwa pasi tatu. Pasi bora ilikuwa shilingi 110,000. Kwa hiyo kama ningehama Kampala baada ya mwaka huo, ningekuwa nimeokoa shilingi 30,000. Kama ningekaa miaka mitatu, ningekuwa nimepoteza sana. Wazee wetu walilijua jambo hili kutoka pande zote mbili. Walisema haba na haba hujaza kibaba, wakasema pia bandu bandu huisha gogo. Vitendo vidogo vinavyorudiwa vinaweza kujaza na vinaweza kumaliza. Anayenunua kitu dhaifu kila baada ya miezi michache huamini kwamba anajaza kibaba, kumbe anachonga gogo.

Lakini tazama hesabu hiyo inakosa nini. Haina mahali pa kuandika mkono wa mdogo wangu. Fedha nilizookoa zilikuwa zangu, na mshtuko ukawa wake. Shati lilikuwa langu pia. Hata kama pasi ile ingedumu miaka kumi, na hata kama ingenipa faida ya laki moja, faida hiyo ingebaki upande mmoja na hatari upande mwingine. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimefanya uamuzi mbaya wa biashara tu. Nilikuwa nimemhamishia mtu mwingine sehemu ya bei, bila kumwambia, na bila mwenyewe kujua kwamba ninafanya hivyo.

Nikiangalia nyuma, naona jambo hili lilikuwapo nyumbani kwetu Masaka kabla sijazaliwa. Mama yangu amepika kwa sigiri maisha yake yote. Sigiri za kawaida, kama zile zinazofuliwa na mafundi wa Katwe kutokana na vyuma chakavu, ni za bei nafuu. Ubavu wake ni bati tupu, kwa hiyo joto hutoka pande zote na makaa huisha upesi. Katika miaka ya 1980, nchini Kenya, lilitengenezwa jiko la makaa lenye ganda la chuma kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani, kwa kufuata mfano wa majiko ya Thailand. Udongo hushika joto likabaki chini ya sufuria, na makaa kidogo huivisha chakula kilekile. Majiko ya namna hiyo yanauzwa leo katika masoko ya Uganda, lakini bei yake ni kubwa kuliko ya sigiri ya bati.

Nyumbani kwetu aliyekuwa akinunua jiko ni baba. Aliyekuwa akinunua makaa ya kila siku, kutoka katika fedha ya mboga, ni mama. Aliyekaa karibu na moshi na joto mpaka matoke yaive ni mama pia. Baba yangu si mtu mbaya wala si bahili. Alipofika dukani aliona bei mbili akachagua ndogo, kama nilivyofanya mimi Wandegeya. Ila bei kubwa ya jiko ingetoka katika mfuko wake, na gharama ya jiko dhaifu ilitoka katika mfuko na mapafu ya mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana hasa na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Jiko la udongo haliondoi hatari yote, kwa sababu makaa hutoa gesi ya sumu hata yakiwa machache, na dirisha bado linahitajika. Hata hivyo linapunguza mzigo wa mtu ambaye hakuwapo dukani.

Mfano mwingine ni wa wenye nyumba. Mwenye nyumba anayenunua nyaya nyembamba na soketi dhaifu huokoa fedha siku ya kujenga. Mpangaji ndiye anayelala na nyaya hizo, na ndiye anayelipia umeme wake wa Yaka. Kila mahali ambapo mnunuzi na mtumiaji ni watu wawili, bei ndogo inapaswa kutiliwa shaka.

Hapa najua kuna wenzangu watakaopinga, na hoja yao ni nzito. Watasema: unahubiri kwa watu wasio na uwezo. Mtu mwenye shilingi 40,000 na darasa la kufundisha Jumatatu hana nafasi ya kuchagua. Kumwambia angenunua pasi ya 110,000 ni kumlaumu kwa umaskini wake. Ninakubali. Ndiyo maana sipendi maneno ya wale wanaosema maskini hawajui kuhesabu. Siku ile nilihesabu vizuri sana. Nilihesabu chakula, nauli na shati, na jibu likawa 25,000. Mwenye fedha huweza kununua miaka kumi kwa siku moja. Asiye nazo hununua miezi minne kwa miezi minne, na mwishoni hulipa zaidi. Hilo si kosa lake. Kama kuna kosa la kimaadili, basi lianze kutafutwa kwa wenye nafasi ya kuchagua: mwenye kiwanda aliyeacha waya wa ethi, mwingizaji aliyeufumbia macho, na muuzaji aliyeapa.

Wengine watapinga kutoka upande wa pili. Watasema bei kubwa si ushahidi wa ubora, na kwamba wengi hulipia jina ili wageni walione sebuleni. Nao wana haki. Kampala ina neno lake la kitu bandia, kicupuli, na kicupuli hakiuzwi kwa bei ndogo kila mara. Methali yetu inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naipenda methali hii, lakini nadhani ilitungwa kwa ajili ya vitu ambavyo ubora wake unaonekana: embe lililoiva, mkeka uliosukwa vizuri, ng'ombe aliyenona. Ubora wa pasi umefichwa ndani ya plagi. Katika Kikuubo kizuri na kibaya hupangwa rafu moja, na vyote viwili hujitembeza.

Mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alilieleza tatizo hili katika makala yake ya 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Hoja yake inaeleweka hata sokoni Nakasero. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na gari bovu hatakubali kulipa bei ya gari zima. Mwenye gari zima akiona hivyo, huliondoa sokoni. Yanabaki mabovu, wanunuzi wanazidi kuogopa, na bei inazidi kushuka. Kwa hiyo udanganyifu wa muuzaji mmoja haumwumizi mteja wake peke yake. Humwumiza pia muuzaji mwaminifu wa duka la pili. Uaminifu sokoni ni mali ya wote, kama kisima. Ndiyo sababu nchi huanzisha vyombo vya kukagua bidhaa. Shirika la Viwango la Taifa la Uganda lilianzishwa kwa sheria ya 1983 na likaanza kazi 1989. Mnunuzi hawezi kufungua kila plagi dukani, hivyo lazima awepo mtu wa kuifungua kwa niaba yake.

Kuna mlipaji mwingine ambaye hatumkumbuki kabisa. Pasi zangu tatu ziko wapi? Moja niliiacha kwa fundi. Mbili za kwanza nilizitupa katika taka, na taka za Kampala kwa miaka mingi zilipelekwa Kiteezi, katika wilaya ya Wakiso, ambako jalala lilifunguliwa 1996. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule wa taka uliporomoka juu ya nyumba za watu na kuua zaidi ya watu 30. Sidai kwamba pasi zangu ndizo zilizoangusha mlima, wala kwamba vyombo vya umeme vilikuwa sehemu kubwa ya taka zile. Nasema tu kwamba kila kitu kinachokufa upesi lazima kizikwe mahali, na mahali hapo pana majirani. Mimi nilipoinunua pasi ya 25,000 sikujua kwamba ninamwomba mtu wa Kiteezi ardhi ya kaburi.

Serikali imewahi kulifikiria jambo hili. Katika bajeti ya 2009 Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza majokofu, televisheni na kompyuta zilizotumika, kwa sababu ya taka na madhara ya mazingira. Majokofu ya zamani yana gesi zinazoharibu tabaka la ozoni na hula umeme mwingi. Sababu hizo ni za kweli. Lakini wapo waliolalamika kwamba jokofu lililotumika ng'ambo lilikuwa imara kuliko jipya la bei ndogo, na malalamiko hayo nayo yana maana. Ukimfungia mtu wa kipato kidogo mlango mmoja, angalia kama dirisha lililobaki halimpeleki kwenye kitu dhaifu zaidi. Sheria inayolinda mazingira bila kufikiri juu ya mfuko wa maskini huhamisha bei nayo pia.

Basi tufanye nini sisi wenye shilingi 40,000? Sitaki kumaliza kwa kulaumu tu. Fundi wangu alinifundisha kuangalia mambo matatu kabla ya kuuliza bei. La kwanza ni skrubu: je, kitu hiki kinafunguka? Chombo kilichofungwa kwa gundi au kwa misumari ya kupigwa kimetengenezwa ili kitupwe. La pili ni vipuri: je, kipuri chake kinapatikana mjini? La tatu ni waya: unene wake, na kama ethi imeunganishwa. Kwa maoni yake, chombo cha bei ya kati kinachofunguka ni bora kuliko cha bei kubwa kisichofunguka. Nimekuja kuamini kwamba ubora hauko katika kutoharibika, kwa maana kila kitu huharibika. Ubora ni kuweza kutengenezwa tena, na kutomdhuru mtu siku kinapoharibika.

Jambo la nne nililijifunza kwa majirani zangu. Baada ya mkasa ule, wapangaji wanne wa ukumbi wetu tulichanga shilingi 30,000 kila mmoja, tukanunua pasi moja nzuri ya shilingi 120,000. Kila mmoja wetu alilipa kiasi kilekile nilicholipia ile pasi iliyomuuma mdogo wangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Siwezi kudai kwamba mambo yamekuwa laini: Jumapili jioni tunagombania zamu, na kuna mmoja wetu, simtaji, anayeirudisha ikiwa na nta ya kitenge. Lakini pasi inafanya kazi, na ndani ya plagi yake, tuliyoifungua kwanza mbele ya muuzaji, mna nyaya tatu.

Kwa kuhitimisha, jibu langu ni kwamba inafaa kulipa zaidi, lakini si kila mara wala si kwa kila kitu. Kwa kitu ambacho mimi mwenyewe nitakitumia na ambacho hakiwezi kumdhuru mtu, nina uhuru wa kununua cha bei ndogo na kubeba hasara yangu. Ndoo ikipasuka ni maji yangu yaliyomwagika. Lakini kwa kitu kitakachoshikwa na mkono wa mwingine, au kitakachompikia mwingine moshi, siruhusiwi kuhesabu mfuko wangu peke yake. Nisipoweza kulipa peke yangu, nitafute wa kuchanga naye. Nisipompata, angalau nimwambie ukweli anayekitumia, ili achague akiwa anajua.

Mdogo wangu amerudi Masaka na sasa yuko kidato cha tano. Mama ananiambia kwamba siku hizi mtu yeyote akileta chombo cha umeme nyumbani, hata kama ni chaja ya simu, binti huyo hutafuta bisibisi kwanza. Mwezi uliopita nilimtumia mama fedha ya jiko la udongo. Baba alipoliona aliuliza bei yake. Mama, kabla ya kumtajia, alimwuliza kama anajua makaa ya wiki moja ni shilingi ngapi. Hakujua.